Bomba la Maji Machafu Huanza Kuoza Juu

Siku tulipolikata lile bomba na kulilaza kwenye majani, nilivihesabu viraka vyake: 11. Vyote nilivitia mimi kwa mikono yangu. Vitatu nilivichomelea, sita ni klempu zenye mpira ndani, na viwili ni vitambaa vya faiba nilivyoviviringisha kwa gundi ya epoksi. Vyote vilikuwa upande wa juu, ndani ya urefu usiozidi mita 4. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nikiziba tundu moja baada ya jengine, na siku hata moja sikusimama nikajiuliza: kwa nini chini halitoboki?

Mimi ni fundi bomba. Kazi nimefundishwa na ami yangu, Mji Mkongwe, na tangu 2016 niko kwenye mtambo wa kusafishia maji machafu huku pwani ya mashariki ya Unguja. Mtambo wenyewe si mkubwa. Maji ya vyooni, ya mabafuni na ya jikoni kutoka hotelini na nyumba za wafanyakazi huteremka kwa mabomba ya plastiki, hupita chemba nane, hupita wavu wa kuzuia takataka na mtego wa mafuta, kisha huingia shimo la pampu. Hapo pampu mbili hupokezana kuyasukuma kwa bomba la chuma la inchi 6, mita 160 hivi, mpaka kwenye chemba ya zege iliyoko juu kando ya matangi. Kutoka hapo mambo huenda kama mtambo wowote: tangi la kupuliziwa hewa, ambamo bakteria hula uchafu, tangi la kutulia, tope likabaki chini na maji yakaenda kumwagilia bustani. Bomba hilo la chuma liliwekwa 2013, kabla sijafika.

Chini yetu ni bahari. Kilimo cha mwani kilipoanza pwani hii, mwishoni mwa miaka ya 1980, mama yangu alikuwa kijana, na hadi leo maji yakipwa anashuka na kamba zake na vigingi vyake. Ardhi yetu ni maweni, jiwe la matumbawe lililojaa matundu, juu yake udongo usiofika kiganja. Ukimwaga ndoo ya maji hapa haikai, inazama mbele ya macho yako, na inakozama ni kwenye visima vyetu na kwenye ule ufuo ambao kina mama wamesimama maji ya magoti na watoto wanatafuta pweza. Nikiona bomba la maji machafu linavuja mimi huwaona wao. Ndiyo maana kila lilipotoboka nilikimbilia kuliziba, usiku au mchana, na ndiyo maana pia nilichelewa kufahamu. Haraka ya kuziba ilininyima nafasi ya kutazama.

Na si kwamba sikufundishwa. Nilipokuwa na miaka 19 ami alinichukua kwenye nyumba moja Kiponda, nyumba ya ghorofa tatu yenye bomba la choo la chuma cha kusubu lililoteremka ndani ya ua tangu zama za wakoloni. Mwenye nyumba alilalamika ukuta unatoa jasho. Mimi nililikagua bomba kuanzia juu mpaka chini. Lilikuwa zima, duara lake zuri, hata zile herufi za kiwanda zimesimama.

"Ami, bomba hili halina kitu. Tutazame ukuta."

Akatoa kisu kidogo mfukoni, kile alichokuwa akimenyea machungwa, akanipa. "Haya mwanangu, lichonge."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikaweka ncha ya kisu kwenye chuma, nikasukuma, na kisu kikaingia. Kikachonga ganda jembamba jeusi kama unachonga penseli. Vidole vyangu vikawa vyeusi, vinateleza. Ami akanieleza kwamba chuma chenyewe kimeshaondoka, kimeliwa na unyevu na chumvi kidogo kidogo, kilichobaki ni grafaiti, ile ile inayotiwa ndani ya penseli, imeshika umbo la bomba na herufi zake zote. Kisha akachukua nyundo akagonga kwa mpini, juu, katikati, chini. Palipo chuma palilia. Palipooza palitoa sauti ya kugonga kibuyu kikavu. "Usilitazame," akasema. "Ligonge."

Somo hilo nililichukua nikaliweka kwenye mabomba ya chuma cha kusubu peke yake. Nilipofika huku pwani nikakuta bomba la chuma cha kawaida, limejaa maji saa zote, ukiligonga linalia sauti moja kila mahali. Basi nikarudi kuamini macho.

Na macho yalinionesha chumvi. Bomba letu kwa sehemu kubwa limepita juu ya ardhi, kwenye nguzo fupi za zege, na upepo wa kusi ukivuma hubeba vumbi la maji ya bahari mpaka mlangoni kwetu. Sehemu ya chini, karibu na shimo la pampu, kutu ilikuwa imevimba magamba makubwa unayoweza kuyabandua kwa mkono. Sehemu ya juu, pale bomba linapopanda mgongo wa jiwe na kuteremka kidogo kabla ya kufika chemba, rangi ilikuwa nzuri, kijani, inang'aa. Kila anayefika akiliangalia alinyoosha kidole chini. Mkubwa wangu wa kazi alinyoosha kidole chini. Mimi pia. Tukapiga msasa, tukapaka rangi bomba zima, tabaka mbili. Wiki tatu baadaye likatoboka tena, kule kule mgongoni, palipokuwa pazuri.

Kiraka cha tatu cha kuchomelea ndicho kilichoniogopesha. Nilikuwa nimezima pampu, nimetoa maji, nimelikausha bomba. Nikaweka bamba la milimita 5 juu ya tundu, nikaanza kuchomelea pembeni. Pale elektrodi ilipogusa chuma cha bomba, chuma hakikuyeyuka kikashikana kama inavyotakiwa, kilikimbia. Tundu la ncha ya kidole likafunguka, nikasogea pembeni, na huko nako likafunguka jengine. Nikawa nafukuza ukingo ambao haupo. Mwisho nilifunga kwa klempu ndefu nikaondoka, moyo haujatulia. Na nasema wazi kwa fundi yeyote: kuchomelea bomba la maji machafu bila kupima gesi iliyomo ndani ni jambo ambalo leo silifanyi wala simruhusu mtu kulifanya. Gesi ya humo huwaka.

Nina rafiki yangu ambaye kazi yake ni kupima unene wa mabamba ya meli. Nilimpigia simu, akaja na kifaa chake siku ya Ijumaa baada ya sala. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, kina waya na kichwa cha ukubwa wa kifungo cha koti. Unakwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, unapaka mafuta mazito kama yale wanayopakwa kina mama wajawazito wakipigwa picha hospitali, unakandamiza kichwa, na kifaa kinatuma sauti isiyosikika na sikio. Sauti inapita ndani ya chuma kwa kasi ya mita 5,900 hivi kwa sekunde, inafika ukuta wa ndani, inarudi. Kifaa kinahesabu muda wa kwenda na kurudi kinakupa milimita. Huna haja ya kuzima pampu wala kufungua boliti hata moja.

Bomba jipya la inchi 6 la aina ile lina unene wa milimita 7.1. Tulianza kule chini, kwenye magamba ya kutu. Nikajitayarisha kwa habari mbaya. Kifaa kikasoma 6.4. Tukasogea: 6.5, 6.2, 6.4. Nikamwambia arudie. Akanieleza jambo ambalo ningalipaswa kulijua: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho, mara kadhaa, kwa hivyo gamba nene la kutisha huweza kuwa limetokana na sehemu ndogo tu ya milimita. Lile gamba lilikuwa likipiga kelele juu ya hasara ndogo.

Tukapanda mgongoni. Kwenye ile rangi nzuri ya kijani tukakwangua. Ubavuni: 5.8. Juu: 2.3. Hatua moja mbele: 1.9. Hatua nyengine: 3.6.

"Hiyo 3.6 usiiamini," rafiki yangu akasema. Chuma kikiwa chembamba sana, alisema, kifaa huweza kuikosa sauti ya kwanza ikikamata ya pili, kikakupa unene mara mbili ya ulivyo. Tulipokuja kulikata bomba tulipima pale pale kwa kalipa: 1.8.

Hesabu niliifanya kwenye daftari nikiwa nimekaa juu ya nguzo. Miaka 9, kutoka 7.1 mpaka 1.9: zaidi ya nusu milimita kila mwaka. Chini, kwa miaka ile ile, haikutimia hata milimita moja. Rafiki yangu akanitoa wasiwasi wa aina nyengine: kwa msukumo mdogo wa pampu zetu, hesabu ya nguvu inasema bomba la ukubwa ule lingeweza kuhimili hata likiwa na unene wa chini ya milimita moja. Lakini bomba halitoboki kwa wastani wake. Linatoboka pale palipochimbika zaidi, na mashimo ya kutu ya ndani ni madogo, kichwa cha kifaa huweza kupita pembeni yake. Ndiyo sababu tulipima karibu karibu, pointi nne kwa kila nusu mita mgongoni kote.

Hapo kukatokea kosa nitakalolieleza kwa sababu naamini linawapata wengi. Nilikuwa na msaidizi, kijana kutoka Wete, ndiye aliyeshika daftari. Rafiki yangu alizoea kutaja sehemu za bomba kwa mkao wa saa, na juu aliita "kumi na mbili", kama mabaharia wanavyofanya kwa Kiingereza. Kijana aliandika kama mtu wa kwetu anavyosoma saa: mshale ukiwa juu ni saa sita, ukiwa chini ni saa kumi na mbili. Ukurasa mzima wa mwanzo, unene wa juu ukaandikwa chini na wa chini ukaandikwa juu. Tungaliupeleka ule ukurasa kwa wakubwa, tungalikata bomba tukatafuta uozo upande usiokuwa wake. Tukaurudia. Tangu siku hiyo daftari letu halina saa: tunaandika juu, chini, kulia, kushoto, ukitazama maji yanakokwenda.

Sasa tulijua wapi. Kwa nini juu, na kwa nini mgongoni, jibu tulilitafuta kwenye ile chemba ya zege ambamo bomba linamwaga. Na huko nusura nimpoteze kijana wa watu.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa Mei, wageni wachache, hoteli karibu tupu. Tulinyanyua mfuniko. Harufu ya yai viza ikatupiga, tukageuza nyuso. Tulisimama pembeni kama dakika kumi. Nikarudi nikainama juu ya tundu, nikanusa, na nikanusa tena. Hakuna kitu. Nikamwambia kijana, "Imetoka. Shuka taratibu utazame ukuta."

"Haya, Kaka."

Alishuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne alinyanyua uso akanitazama, na macho yake hayakuwa yakinitazama mimi. Mkono wa kulia ukaachia ngazi. Sikuita, sikufikiri, nilivuta kamba, na mwenzangu wa bustanini aliyekuwa nasi akavuta, tukamtoa mpaka kwenye majani. Alitapika, akalia kichwa siku nzima, tukampeleka hospitali. Alhamdulillahi alirudi kazini wiki ya pili.

Kamba ile alikuwa nayo kwa sababu moja tu: ami hakuwa akimruhusu mtu kushuka shimoni bila kufungwa kamba na bila watu wawili kubaki juu. Mimi nilifanya kwa mazoea ya heshima yake. Harufu ilikuwa haijatoka. Ile gesi, haidrojeni salfaidi, ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni ya hewa, huua uwezo wa pua kuinusa. Ikifika 500 na zaidi mtu huanguka, na pumzi huweza kukatika. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hulala chini shimoni. Ningalikuwa sina kamba ningaliruka ndani kumfuata, kwa mapenzi, na tungalikuwa wawili. Hivyo ndivyo wanavyokufa watu kwenye mashimo ya vyoo na visima: wa kwanza hufa kwa gesi, wa pili na wa tatu kwa kuokoa. Naandika haya nikiwa bado naona yale macho. Sasa tuna kipima gesi, kinateremshwa kwa kamba kabla ya mtu, na feni ya kupuliza hewa yenye bomba refu la kitambaa, na kipimo kikilia hashuki mtu, hata awe nani amesimama juu akituharakisha.

Tulipoweza kushuka kwa usalama, nilichokikuta ukutani kilinijibu. Chini ya mstari wa maji, zege lilikuwa gumu, bisibisi inateleza. Juu ya mstari wa maji, nilisukuma bisibisi ile ile ikazama sentimita mbili bila nguvu. Zege limegeuka kitu cheupe, kilicholowa, kinachomomonyoka vidoleni kama chicha la nazi lililokwisha kukamuliwa. Karatasi ya kupimia asidi ilipogusa unyevu wake iligeuka nyekundu iliyokoza, kati ya 1 na 2. Hiyo ni asidi kali.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya bomba la maji machafu, ukutani, hujengeka utelezi. Ndani ya utelezi hewa haifiki, na humo huishi bakteria ambao badala ya oksijeni hutumia salfeti iliyomo majini. Wanachokitoa ni ile gesi ya yai viza. Gesi hutoka majini ikapanda kwenye nafasi tupu, ikayeyuka kwenye jasho la ukuta wa juu, na huko kuna bakteria wengine wenye hewa ya kutosha. Hao huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, ile ile ya kwenye betri ya gari. Zege huliwa likawa jasi. Chuma huliwa kikatoweka. Chini, palipofunikwa na maji, hapana hewa wala asidi hiyo, ndiyo maana panabaki pazima. Mgongoni mwa bomba letu ndipo hewa ilipokusanyika, na kulikuwa na valvu ya kuitoa. Nilipoifungua ilikuwa imejaa mafuta ya jikoni yaliyoganda, na juu ya tundu lake kulikuwa na rangi ya kijani, tabaka mbili.

Nilikaa na valvu ile mkononi muda mrefu.

Lakini gesi yenyewe ilikuwa nyingi kuliko ninavyoijua kazi hii. Nilimuuliza ami, ambaye sasa ni mzee wa baraza. Akaniuliza swali moja: "Chemba zenu za chini ziko umbali gani na bahari?" Nikaenda kwenye daftari la pampu. Kila jioni tunaandika saa ambazo pampu zimefanya kazi. Nikachukua kalenda nikaweka mwandamo wa mwezi pembeni yake. Siku za kawaida, saa 5 au 5 na nusu. Siku za bamvu, mwezi mchanga na mwezi mpevu, saa 7, mara nyengine 8, hata Mei ambapo wageni hawapo. Maji ya nani yale? Usiku wa bamvu lililofuata tulifunua chemba mbili za chini tukamulika tochi, na kwenye maungio ya bomba tukaona maji safi yanachuruzika kuingia ndani, matulivu kama mfereji usiofungwa vizuri. Niliyaonja kwa ncha ya kidole kabla hayajachanganyika: chumvi tupu.

Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 2.7 za salfeti, mara nyingi sana kuliko maji ya vyooni kwa kawaida yake. Tulikuwa tukiwalisha wale bakteria karamu mara mbili kwa mwezi. Na joto letu hili la visiwani huwaharakisha, na Mei ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu maji ni machache, pampu hulala saa nyingi, na uchafu hukaa bombani ukiiva. Kwa miaka nilidhani harufu ya masika inaletwa na mvua.

Matengenezo yenyewe yalichukua siku 9. Wakubwa walikuwa na maoni mawili: wengine waliona tutie klempu ya 12 tuendelee, wengine waliona bomba zima ling'olewe. Nilipeleka daftari. Mita 12 za mgongoni hazifai, mita 148 zilizobaki zina zaidi ya milimita 6 karibu kila mahali. Ukurasa ule ulimaliza mjadala kwa dakika chache, na fedha zilizobaki ndizo zilizonunua kipima gesi.

Mgongoni tuliweka bomba jeusi la HDPE, aina ya plastiki ngumu, ambalo asidi ile hailigusi. Huunganishwa kwa kuyeyusha ncha mbili kwenye sahani ya moto ya nyuzi 220 hivi na kuzikandamiza pamoja. Kusi lilikuwa linavuma, na upepo ukipiga ile sahani upande mmoja unapoa, kiungo kinashika nusu. Tulijenga kibanda cha turubali. Kiungo cha kwanza ukingo wake wa plastiki ulitoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Nikakikata, ingawa jua lilikuwa linazama na kila mtu amechoka. Cha pili kilitoka sawa pande zote. Hapo nilikataza mtu kukigusa mpaka kipoe, hata kumwagia maji.

Chemba tuliichonga mpaka zege zima. Kujua wapi pa kusimama, mwalimu wa kemia wa skuli ya jirani alitupa fenolftalini kidogo: ukinyunyizia zege lililo zima hugeuka rangi ya waridi, lililoliwa halibadiliki. Tulichonga na kunyunyizia, tukachonga na kunyunyizia, mpaka kuta nne zikawa za waridi. Kisha plasta, kisha epoksi ya kuvumilia unyevu. Na kitu kidogo kilichosaidia kuliko vyote kwa bei yake: maji yalikuwa yakianguka kutoka mdomo wa bomba karibu mita moja, yakipiga kishindo, na kila kishindo hutoa gesi majini. Tukaongeza elbo na kipande cha bomba mpaka mdomo ukazama chini ya maji. Kishindo kikaisha siku hiyo hiyo. Maungio ya chemba za chini tuliyaziba maji yakiwa yamepwa, na valvu ya hewa mpya inafunguliwa na kusafishwa kila mwanzo wa mwezi.

Zile mita 148 za chuma hazijasahauliwa. Mwisho wa kipande cheusi, hatua moja baada ya flanji, nimechora alama kwa patasi, na hapo tunapima kila miezi sita. Juzi ilikuwa zamu. Bahari ilikuwa imepwa mpaka mbali, kina mama wako kwenye kamba zao, mama yangu simwoni lakini najua yuko upande gani. Kijana wa Wete alikwangua, akapaka mafuta, akakandamiza kichwa cha kifaa. Mara ya kwanza alama ilipowekwa kilisoma 6.3.

"Juu, sita nukta mbili, Kaka."

"Rudia."

Akafuta, akapaka upya, akakandamiza, akangoja namba itulie.

"Sita nukta mbili."

Nikaandika.